Jinsi ya kufuata njia walizopita mababu zetu wa kale kwa kutumia DNA, hata kama we sio mtaalamu

Kila nikiongelea hii mambo ya DNA na asili zetu mtu wa kwanza kuuliza anauliza kipimo bei gani na kinapatikana wapi, na mi naona hapo ndo watu wanakosea mwanzoni kabisa, maana DNA sio kitu kimoja. Kuna kipande kinachofuata akina mama tu, kuna kinachofuata akina baba tu, alafu kuna lile fungu kubwa la wote waliochanganyika, na kila kimoja kinajibu swali lake, ukikiuliza swali la mwenzake kinakupa jibu la uongo na we utaliamini. Kwa iyo kabla ya kutoa mate ya kupimwa kuna daftari la kuandika maneno ya wazee.

Anza na mzee wako mkubwa kuliko wote aliye hai. Mi nilianza na bibi mzaa mama, Mbagala, jumapili asubuhi, tumekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo, akikuta punje ya mpunga anairushia kuku. Usimuulize "sisi ni kabila gani" maana atakujibu jibu moja utaandika mstari mmoja na mazungumzo yameisha. Muulize mama yake alizaliwa wapi, bibi yake je, walizikwa wapi, nyumbani walikuwa wanaongea lugha gani kabla ya Kiswahili, mwiko wa ukoo ni nini, nani alihamia akitokea wapi na kwa sababu gani. Bibi yangu alinijibu vizuri tu mpaka tulipofika kwa bibi yake yeye, mzaa mama, akasema akina mama zake walikuwa Kilwa Kivinje ila huyo bibi hakuwa wa pwani, aliletwa kutoka bara akiwa binti mdogo, alafu akanyamaza akaendelea na mchele. Neno "aliletwa" kwa mtu anayejua Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa bandari ya watumwa halihitaji maelezo, mi nilifunga daftari siku hiyo tukaongea mengine. Nakwambia hivi ili ujue unapochimba asili unaweza kugusa kidonda, mpe mzee muda na usimbane.

Upande wa pili wa hadithi hiyo hiyo ni mjomba, yeye siku zote anasema ukoo wa babu mzaa mama ni Washirazi, yani watu wa asili ya Uajemi (Iran), walikuja na majahazi. Yote mawili niliandika kama yalivyosemwa, kabla ya kupima chochote. Hii ni muhimu sana, andika kabla, kwa sababu majibu yakishakuja kila mtu anaanza kukumbuka upya kufuatana na majibu.

Sasa tuje kwenye DNA yenyewe. DNA inaandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T. DNA ya mitokondria, vile vifuko vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, ni ndogo sana, ina herufi 16,569 tu, wakati ile kubwa ya kwenye kromosomu, yani vifurushi vikuu vya DNA ndani ya seli, ina herufi kama bilioni 3. Unairithi kwa mama peke yake, mama kwa mama yake, moja kwa moja kurudi nyuma. Kromosomu Y ni baba kwenda kwa mtoto wa kiume, basi. Ukiwa mwanamke huna Y, kwa iyo ukitaka mstari wa baba yako mpime yeye, au kaka yako, au baba mdogo. Mi nilitaka mstari wa babu mzaa mama, mimi sina na mama hana, ila mjomba anao. Ukitaka kujua mstari wa mama yake baba yako mtafute shangazi, huyo anao. Chora kabisa kwenye karatasi nani ana nini, utashangaa kwamba mtu wa kumpima mara nyingi sio we.

Alafu kama una pesa ya mtu mmoja tu mpime mzee zaidi. Mitokondria ya bibi mzaa mama ni ile ile niliyonayo mimi, ila lile fungu kubwa la DNA yake nusu tu ndo lilienda kwa mama na mimi nikapata kama robo, kwa iyo yeye ana vitu ambavyo kwenye damu yangu havipo tena.

Inakuwaje herufi zinaonyesha safari? Kumbuka shule, tulivyokuwa tunadesa. Mtu mmoja anaandika notsi anakosea neno moja, wanaodesa kwake wote wanabeba lile kosa, mmoja wao anaongeza kosa lake jipya, wanaodesa kwake sasa wana makosa mawili. Mwalimu akikusanya madaftari yote anaweza kukaa chini akajua nani alidesa kwa nani bila kumuuliza mtu. DNA ndo hivyo hivyo, kila kizazi inanakiliwa na mara moja moja herufi inabadilika, na wote waliotoka kwa mama mmoja wanabeba badiliko lake. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walifanya kazi ya huyo mwalimu kwa mitokondria za watu wa mabara mbalimbali, wakakuta madaftari yote yanarudi kwa mwanamke mmoja na kwamba mizizi iko Afrika. Sio kwamba alikuwa mwanamke peke yake duniani, hapana, wengine walikuwepo, ila mistari yao ya mama-kwa-mama ilikatika njiani, kwa mfano mtu akizaa wanaume watupu.

Hayo matawi ndo yanaitwa haplogrupu, na yana majina ya herufi na namba. Ya kwetu Afrika kwa upande wa mama mengi yanaanza na L. Tawi la kwanza kabisa kujitenga kwenye mti mzima ni L0, yote yaliyobaki duniani yako upande wa pili. Na L3 ndo ya kuishika vizuri, maana matawi ya M na N yametoka kwenye L3, na watu wote wa asili ya nje ya Afrika, Mchina, Mzungu, Mhindi, yule aliyefika Australia, mistari yao ya mama inaingia kwenye M au N. Yani katika mti wote huu mkubwa walitoka tawi moja la L3, sisi tuliobaki nyumbani tukabaki na matawi mengine yote. Mi hii kitu nilivyoielewa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Kabla hujapima, fuata utaratibu. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba (DNA) vya binadamu, na anayesimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa iyo kabla ya kutuma mate nje ya nchi nenda kaulize inatakiwaje, sisi tulianza hapo na ilichukua muda lakini sijutii. Pili soma mkataba wa kampuni, nani anabaki na sampuli, data wanampa nani, ukitaka wafute wanafuta. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye kampuni ya kupima DNA ya 23andMe taarifa za watu kama milioni 6.9 zikachukuliwa, na mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ikaomba kinga ya kufilisika, na DNA sio kama neno la siri utaibadilisha kesho, tena ukiitoa yako umetoa na ya ndugu zako ambao hawakuulizwa. Kaa na familia, waelewe, anayekataa muache.

Kwenye mate yenyewe jambo la kuzingatia ni hili. Asile, asinywe, asivute, asitafune kitu nusu saa kabla. Bibi alikunywa chai dakika chache kabla mi sijaona, sampuli ikafeli ikabidi turudie. Wazee mate yanakauka, msugue taratibu mashavu kwa nje, muache akae na tyubu hata robo saa, na mapovu hayahesabiwi, mate yenyewe ndo yafike kwenye mstari.

Majibu yakija watu wote wanakimbilia asilimia. Acha kwanza. Anza na haplogrupu maana hiyo ina uhakika zaidi. Sisi mstari wa mama ulikuja L0a, na wa mjomba kwa upande wa Y ukaja E-M2, ambayo ni tawi linaloongoza kwa waongea lugha za Kibantu, lilisambaa sana na wale wakulima walioanza kutoka mpakani mwa Kameruni na Nigeria miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Mjomba alivyosikia uso ulimbadilika, "kwa iyo Ushirazi wetu uongo?" Hapana mjomba, na hapa ndo nataka kila mtu aelewe, kwa sababu familia zinagombana kwa kutojua hesabu hii. Ukirudi vizazi 10, kama miaka 300, una nafasi za mababu na mabibi 1,024. Y inakuonyesha mmoja kati ya hao. Mitokondria mmoja. Wengine 1,022 hawajasema kitu bado. Babu Mshirazi anaweza kuwa kati yao na asionekane kabisa kwenye Y, inatosha tu mahali fulani mstari upite kwa binti.

Kuwaona hao wengine ndo unaenda kwenye lile fungu kubwa. Hilo kila kizazi linakatwa na kuchanganywa. Chukua kitenge cha rangi mbili mpe fundi cherehani akate aunge, mwingine akate aunge tena, ukienda mafundi 20 viraka vinakuwa vidogo vidogo. Kwa iyo wataalamu wanapima urefu wa viraka. Kiraka kirefu cha asili ya mbali maana yake mchanganyiko ni wa juzi, vikiwa vifupi na vimetawanyika basi ni wa zamani, na kwa kujua kizazi ni kama miaka 28 hadi 30 wanahesabu ni lini watu walikutana.

Hivyo ndivyo walivyofanya kwenye utafiti wa pwani ya Waswahili uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la sayansi la Nature, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao, walisoma DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta kwa wengi wa watu wa miji hiyo zaidi ya nusu ya DNA ni ya Kiafrika na imekuja zaidi kupitia akina mama, sehemu kubwa nyingine ni ya Asia na imekuja zaidi kupitia akina baba kutoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baadaye, kuanzia kama mwaka 1500, asili ya Kiarabu ndo ikaongezeka. Nilimsomea mjomba yote nikimfafanulia taratibu. Hadithi ya Washirazi ambayo wasomi wengi waliwahi kuiita ya kutunga imekutwa ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo huo unasema wale wenye majahazi walioa kwa wenyeji na kwamba lugha, chakula na nyumba vilibaki vya akina mama. Kwenye fungu kubwa la mjomba kweli kulikuwa na kipande kidogo cha upande wa Uajemi na Uarabuni, viraka vifupi.

Haya, asilimia sasa. Zile asilimia sio kwamba mashine imesoma kwenye damu yako neno "Msukuma" au "Mzaramo", inakulinganisha na watu ambao tayari wako kwenye hifadhi yao, na hifadhi hizo Watanzania ni wachache mno. Mradi mmoja mkubwa wa kusoma DNA, 1000 Genomes, ulikusanya DNA ya watu wa jamii 26 duniani, kwa Afrika Mashariki yote jamii ilikuwa moja, Waluhya wa Webuye, Kenya. Kwa iyo Mnyakyusa akipima anaambiwa anafanana na Mkenya wakati hana ndugu huko, ni kwa sababu huyo ndo jirani wa karibu aliyekuwepo kwenye orodha. Ukiona jina la nchi kwenye majibu swali la kuuliza ni, walinilinganisha na nani, wangapi, na nani hakuwepo. Na kama unatumia mwenyewe kwenye laptopu programu ya ADMIXTURE, ile inayogawa DNA ya watu kwenye mafungu ya asili, jua kwamba we ndo unaiambia igawe mafungu mangapi, ukisema 3 itagawa 3, ukisema 8 itagawa 8, zile rangi kwenye mchoro sio makabila ya kale, ni mgawanyo ulioomba.

Mfano mzuri wa kipimo kilichotengenezwa bila sisi ni maziwa. Faili lako ghafi la DNA, lile unalopakua kwa kampuni, ukilifungua utaona mistari laki kadhaa, kila mstari una namba inayoanza na rs, kromosomu, mahali na herufi. Vipimo vingi vinaangalia rs4988235 kusema kama unaweza kunywa maziwa ukubwani, na hilo ni badiliko la Wazungu. Upande wa baba yangu ni Singida, wafugaji, nyumbani maziwa ni kama maji, ila kipimo kiliniambia siwezi kuyavumilia. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwa kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, waliwanywesha sukari ya maziwa na kuangalia sukari kwenye damu inapanda kiasi gani, kwamba sisi tuna badiliko letu wenyewe, namba yake rs145946881, lililotokea huku huku na kusambaa haraka miaka kama 3,000 hadi 7,000 iliyopita pamoja na ufugaji. Angalia kama hiyo namba ipo kwenye faili lako, mara nyingi hawakuiweka. Matokeo ya kipimo ni mazuri kadiri ya maswali waliyoweka ndani yake.

Kosa lingine nalikuta sana ni la tarehe. Ukisoma haplogrupu yako ina miaka 40,000 sio kwamba ukoo wako ulifika hapo ulipo miaka 40,000 iliyopita. Huo ni umri wa tawi, yani lini lile badiliko lilitokea kwa mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa aliishi popote. L0a yetu imetapakaa Afrika Mashariki kushuka mpaka Msumbiji, kwa iyo haiwezi kuniambia huyo binti aliletwa Kivinje kutoka wapi hasa. Ilibidi nikubali hivyo.

Ndo maana hatua ya mwisho na mi ndo naipenda kuliko zote ni kulinganisha na mifupa ya kale, kwa sababu mfupa una mahali na una tarehe. DNA inatunzwa vizuri zaidi kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani, ila joto linaiharibu, kwa iyo usitegemee fuvu la Zinjanthropus la Olduvai, la miaka zaidi ya milioni 1.7, lisomeke, hiyo ni mbali mno. Kwa ukanda wetu mfupa wa zamani zaidi uliosomeka ni wa Mlambalasi, Iringa, miaka kama 18,000, matokeo yalitoka 2022, na watu wa enzi hizo walionekana kuwa na mchanganyiko wa mizizi ya mashariki, kusini na kati ya Afrika, yani watu walikuwa wanatembea umbali mrefu, alafu baadaye wakatulia wanaoana karibu karibu. Kisha yuko mtoto mchanga wa kike wa Luxmanda, mkoa wa Manyara, aliyezikwa miaka kama 3,100 iliyopita kwenye makazi ya wafugaji. Karibu asilimia 38 ya DNA yake inafanana na ya wakulima wa kale wa Levanti, huko Jordan na Syria. Na watu wa aina yake hawakuishia hapo, kuna tawi la Y linaitwa E-M293 lililoonyesha mwaka 2008 kwamba wafugaji walipita Tanzania kushuka mpaka kusini mwa Afrika miaka kama 2,000 iliyopita, na Wakhoekhoe, wafugaji wa asili wa kule, wana sehemu ya DNA ya aina hiyo ya Luxmanda.

Kwa visiwani ni kama umekaa mlangoni unaona watu wanabadilishana. Pemba na Unguja miaka 1,400 iliyopita mifupa ni ya watu wenye asili ya wawindaji wa zamani, Pemba hiyo hiyo miaka 600 iliyopita aliyezikwa ana DNA ya waongea Kibantu. Jinsi ya kutumia hii, chukua orodha ya mifupa ya eneo la ukoo wako, panga kwa tarehe, alafu weka majibu yako pembeni uone unafanana na ipi, na pembeni tena weka lugha. Wairaqw wanaongea lugha ya Kikushi, ndugu ya Kisomali, katikati ya Wabantu, Wahadzabe na Wasandawe lugha zao zina sauti za kualika, yani za kugonga ulimi mdomoni. DNA, lugha na vyungu vya kale vikisema kitu kimoja una hadithi, vikipishana usilazimishe, andika kwamba vinapishana.

Na kama hela ya kupima haipo hii sehemu yote unaweza kuifanya bure, makala nyingi za hizi tafiti ziko wazi mtandaoni na data za mifupa zimewekwa hadharani, shika simu yako anza na Luxmanda. Kiingereza chao kigumu, soma ramani na michoro kwanza.

Faili lako la DNA liweke kwenye flashi yako mwenyewe, usilitume WhatsApp, usilipandishe kwenye kila tovuti inayojitangaza. Daftari la wazee lipige picha kila ukurasa. La kwangu ukurasa wa kwanza ulikuwa na nafasi wazi kwa juu, pale kwa yule binti aliyeletwa Kivinje, na DNA isingeijaza hata ningepima ukoo mzima. Nilimrudia bibi mara ya tatu, nikamwambia bibi, damu yake ndo hii niliyonayo mimi na mama na wewe, imetoka kwake haijakatika. Akaweka ungo chini akanitajia jina, lile la kwao bara sio la Kivinje, akaniambia niandike sasa hivi asije akalisahau.